Fundi Amesema Kompyuta ya Ndai Yako Imeungua? Soma Hii Kabla Hujatoa Doh

Uko Jogoo Road saa moja asubuhi, jam imeshikana, na ndai inazima tu hivi. Hakuna moshi, hakuna kelele. Unapiga stata, injini inazunguka lakini haishiki. Mat iliyo nyuma yako inapiga honi kama mko na kesi ya zamani. Unapigia fundi, anakuja, anafungua boneti, anagusa waya mbili tatu, halafu anatingisha kichwa kama daktari wa kwa sinema: "Boss, hii ni kompyuta imeungua."

Hapo ndipo wasee wengi hupoteza doh. Neno kompyuta linatisha. Huwezi kuibishia, huwezi kuiona, na fundi anaongea kama mtu amekufa. Kabla ufikirie, ushatuma M-Pesa.

Wacha nikuweke rada mapema. Mara nyingi si kompyuta. Na hata ikiwa ni kompyuta kweli, kuna kitu kiliiua. Kama hujakipata hicho kitu, kitaua hata ile utanunua. Hili somo kwetu tulililipia, na halikuwa bei ya chini.

Hiyo boksi inafanya nini?

Gari za kitambo sana zilitumia kabureta. Ndai nyingi za petroli kutoka Japani, kuanzia zile za miaka ya 90, zinatumia nozeli zinazonyunyiza petroli, na anayeamua ni ngapi na saa ngapi ni boksi ya bati yenye saizi ya kitabu. Jina lake ni ECU. Mafundi wanaiita kompyuta au kontroboksi. Kwa gari nyingi za zamani imejificha ndani, chini ya dashibodi au nyuma ya kabati la mbele ya abiria.

ECU inasoma sensa: hewa inayoingia, joto la maji, umekanyaga mafuta kiasi gani, krenki imefika wapi. Halafu inaamuru nozeli ifunguke na plagi itoe moto. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inahitaji moto mara 25 kwa sekunde. Ukiwa na silinda nne, hiyo ni mara 100 kila sekunde. Ikikosea kidogo, ndai inatetemeka na kunywa mafuta kama haina wazazi. Ikinyamaza, uko barabarani na viatu vyako.

Shida ni kwamba kuna vitu vingine kibao vinavyoleta dalili hizo hizo. Fyuzi, rilei, waya ya athi iliyoshika kutu, sensa ya krenki, pampu ya petroli, na zile katauti za kificho ambazo watu wa alamu hufunga Nairobi hii yetu kuzuia wezi. Katauti ikichoka inakata stima ya pampu au ya moto wa plagi, na gari inazima kabisa kama iliyoungua kompyuta.

Stori ya 110 ya mzee

Kwetu tulikuwa na Corolla 110 ya 1998. Mzee alikuwa anaitumia kupeleka mayai kwa maduka, kutoka Donholm hadi ndani ya Kayole. Ndai ikilala, mayai yanalala, na mtu wa mayai hana likizo ya kulipwa. Siku ilizima, fundi tuliyemzoea alikuja akasema, "Mzee, hii ni kompyuta." Mzee hakubishana. Kwa nyumba kulikuwa na doh moja tu iliyokaa, na ilikuwa ya ada yangu ya chuo. Tukaenda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, tukatoa thao 14, tukarudi na boksi. Ndai ikashika mara ya kwanza. Mzee alifurahi hadi akanunulia fundi soda.

Siku tisa baadaye ikazima tena. Dalili zile zile. Fundi akasema tumeuziwa boksi mbovu. Tukarudi kwa muuzaji, naye bila hata kuinua sauti akatuonyesha karatasi iliyobandikwa juu ya kaunta: vifaa vya stima havirudishwi. Thao 14 zikaenda hivyo. Mimi huo muhula sikurudi chuo.

Nitakuambia nini kilikuwa kinaua hizo boksi. Lakini kwanza, hivi ndivyo tungefanya kama tungekuwa na akili ya leo.

Pima kabla ya kulia

Unahitaji mita ya stima ya kawaida, ile ya bei ya chini unapata Luthuli Avenue. Kama huna, hakikisha fundi wako anayo. Fundi anayekuambia kompyuta imeungua na hajashika mita hajapima, amekisia.

1. Angalia taa ya injini. Fungua swichi bila kupiga stata. Ile taa ya injini kwa dashibodi inafaa kuwaka, halafu izime ukishawasha. Isipowaka kabisa, kuna mambo matatu: balbu yake imekufa, ECU haipati stima, au ECU yenyewe imekufa. Ona vile kompyuta ni moja tu kati ya tatu.

2. Pima betri. Ikiwa imepumzika inafaa kuwa karibu volti 12.4 hadi 12.7. Injini ikinguruma, gari nyingi za aina hii zinasoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, simama hapo hapo. Hiyo ni alteneta inapika gari yako polepole.

3. Angalia fyuzi na rilei ya EFI. Ziko kwa boksi ya fyuzi, na kifuniko kimeandikwa. Rilei unaweza kuijaribu kwa kubadilishana na nyingine ya aina ile ile iliyo hapo karibu. Haikugharimu hata bob.

4. Pima athi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwa hasi ya betri, nyingine kwa waya ya athi inayoingia ECU, swichi ikiwa wazi. Inafaa kusoma karibu sufuri. Ukiona nusu volti au zaidi, stima inakosa njia ya kurudi. Safisha hizo bolti za athi kwa injini na kwa bodi, kaza, jaribu tena. Kuna ndai zimefufuka kwa msasa na spana namba kumi.

5. Pima volti 5. ECU inatumia sensa kadhaa stima ya volti 5. Chomoa plagi ya sensa ya mguu wa mafuta na upime. Kama volti 5 hazipo, usiseme kompyuta bado. Chomoa sensa zingine moja moja huku ukiangalia mita. Ukichomoa moja na volti 5 zirudi ghafla, hiyo sensa ndiyo ilikuwa inavuta wengine chini. ECU haina makosa.

6. Soma kodi. Kwa Toyota za enzi ya 110, ndani ya boneti kuna kisanduku kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi. Taa ya injini itaanza kupepesa. Ikipepesa sawasawa bila kukoma, hakuna kosa limehifadhiwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: mbili, kimya kidogo, mbili, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Moja kisha mbili ni 12, ECU haioni injini ikizunguka. Cha muhimu ni kwamba ECU inayoweza kukuhesabia kodi bado iko hai kiasi. Usiharakishe kuizika.

Usishangae ile skana ndogo ya Bluetooth ya beshte yako ikikataa kuongea na gari kama hizi. Gari nyingi za zamani za soko la Japani haziongei lugha ya hizo skana za kawaida. Hiyo si dalili ya kompyuta kufa.

7. Tafuta katauti. Uliza aliyekuuzia kama iko. Kama hakumbuki, fundi wa alamu afuate waya za swichi na za pampu hadi apate ile imekatwa na kuungwa kwa tepu nyeusi.

Dalili kwamba imeenda kweli

Ukipita hizo zote na stima inaingia ECU vizuri, athi iko fiti, sensa zinasoma, lakini bado nozeli haipati amri, sasa unaweza kuanza kushuku boksi. Dalili zingine ni kama silinda moja kukosa amri ya petroli hata baada ya waya yake kupimwa ikapatikana nzima, au ndai kuzima ikipata joto na kukubali ikipoa. Hiyo ya joto usiiamini peke yake, kwa sababu sensa ya krenki na ignaita nazo zina hiyo tabia.

Ushahidi mzuri zaidi uko ndani. Toa boksi, fungua skrubu, angalia bodi. Kuna alama ya kuungua? Kuna kutu ya kijani ya maji? Kuna zile kapasita, vimtungi vidogo, zimevimba au zimemwaga maji chini yake? Nusa. Kapasita iliyovuja mara nyingi hunuka kama samaki. Mitsubishi za mwanzo wa miaka ya 90 zinajulikana dunia nzima kwa huo ugonjwa, na Mitsubishi haiko peke yake. Vile vimtungi vina majimaji ndani. Miaka 30 ya joto ikipita vinavuja, na hayo maji yanakula njia za shaba kwa bodi.

Ni nani aliiua?

Hili ndilo swali ambalo fundi wetu wa kwanza hakuuliza. ECU haina sehemu inayozunguka. Kama si uzee wa kapasita, mara nyingi kuna mwenye ameiua. Washukiwa ni hawa:

Maji. Ikiwa gari yako ilipita kwa mafuriko, kama yale ya Nairobi ya 2024, au mpira wa kioo cha mbele unavuja, maji yanashuka moja kwa moja chini ya dashibodi.

Kujampu vibaya. Chanya ikiwekwa kwa hasi hata sekunde moja, inaweza kuwa kwaheri.

Kuchomelea bodi na betri ikiwa imeunganishwa. Msee anachomelea egzosi, kumbe anachoma na kompyuta.

Nozeli, koili au valvu ya sailensa ambayo imeshort ndani. Hiyo inavuta stima nyingi hadi inachoma ile transista ya ECU inayoiamuru. Ukiweka ECU nyingine bila kupima hizo, utaichoma siku hiyo hiyo.

Na alteneta inayotoa stima kupita kiasi.

Sasa turudi kwa 110. Baada ya kuzima mara ya pili, jirani alitupeleka kwa mzee mmoja fundi wa stima huko Kariobangi. Hakufungua hata boneti kwanza. Aliuliza, "Mzee mwenzangu, balbu za taa za mbele unabadilisha mara ngapi?" Mzee akasema karibu kila mwezi. Akauliza tena, "Na ndai hunuka mayai viza?" Mzee akacheka, akasema ndiyo, lakini yeye siku zote alidhani ni mayai yake.

Haikuwa mayai. Ilikuwa betri inachemka. Alteneta ilitolewa ikapimwa kwa benchi ikapatikana inatoa volti 17. Regyuleta yake ilikuwa imekufa kitambo. Ilikuwa imeunguza balbu, imechemsha betri, imeua ECU ya kwanza, na siku tisa zikatosha kumaliza ya pili, ambayo nayo ilikuwa na miaka yake. Regyuleta ilitugharimu chini ya robo ya bei ya ile boksi. Balbu zilikuwa zimetuambia miezi mingi na hatukusikia.

Ukienda kununua, nenda na yako mkononi

Usiende dukani ukisema "nataka kompyuta ya 110." Toa yako, beba. Juu yake kuna kibandiko chenye namba. Ya Toyota kwa kawaida huanza na 89661, Nissan 23710, Honda 37820, Subaru 22611. Hiyo ya mwanzo inasema tu kwamba ni ECU. Tarakimu zinazofuata ndizo zinasema ni ya gari gani hasa. Tafuta namba ile ile mwanzo hadi mwisho. Muuzaji akikuambia "hii ni karibu sawa, itaingia," jua kuingia kwa plagi na kufanya kazi ni vitu viwili.

Kwa nini? Kwa macho, injini ya 5A-FE ya 1500 na 4A-FE ya 1600 zinafanana kama mapacha, lakini kila moja ina mahesabu yake ya petroli. Tena kwa gari nyingi za otomatiki, boksi hiyo hiyo ndiyo inabadilisha gia. Ukiweka ya manyuwali, injini itashika lakini gia zitakuonyesha maajabu.

Swali lingine ni ufunguo. Kama gari yako ina imobilaiza, yaani ufunguo una chipu, ECU ya gari nyingine haitautambua. Una njia tatu: ununue ECU pamoja na ufunguo na boksi ya imobilaiza kutoka gari moja, utafute mtu wa funguo aizoeshe kama mfumo unakubali, au chipu ya kumbukumbu ya ECU yako inakiliwe kwa ile nyingine. Gari nyingi za zamani kutoka Japani hazina hiyo kitu, lakini uliza kabla, si baada.

Kubaliana na muuzaji kabla ya kulipa. Mwambie unataka siku kadhaa za kujaribu, na aandike kwa risiti. Atakataa mara nyingi, lakini kuna wale hukubali, haswa ukiwaonyesha kwamba umepima alteneta na nozeli. Na risiti chukua hata kama anasema ni ya nini. Vipuri vya wizi vipo, na hutaki kueleza askari ulikotoa.

Au tengeneza ile yako

Hii ndiyo sehemu mafundi wengi hawakuambii. ECU ya zamani inaweza kutengenezwa. Bodi zake ni kubwa, vipuri vyake vinaonekana kwa macho, na fundi mzuri wa stima, hata yule wa kutengeneza TV, anaweza kubadilisha kapasita kwa solda. Kapasita ni bei ya chai na mandazi. Lazima ziwe na uwezo ule ule, volti zisiwe chini ya zile za kwanza, zivumilie joto la digrii 105, na zisigeuzwe chanya na hasi. Faida ni kwamba namba yako inabaki, ufunguo wako unabaki, gia zinabaki.

Fundi wa Kariobangi alifanya hivyo na ECU yetu ya kwanza, ile tulikuwa tumeambiwa imekufa. Alibadilisha kapasita na kipuri kimoja cha kupunguza volti, akarudisha. Ndai ikashika.

Siku ya kubadilisha

Ondoa hasi ya betri kwanza, ngoja dakika chache. Plagi na waya za manjano chini ya dashibodi usiguse, hizo ni za mkoba wa hewa na zinaweza kukulipukia usoni. Gusa chuma cha bodi kabla ya kushika ECU, kwa sababu stima ya mwili wako inaweza kuharibu chipu. Plagi za ECU zina kufuli, usivute waya. Zikirudi, zisukume hadi zilie. Rudisha betri, fungua swichi, angalia ile taa ya injini iwake, kisha upige stata. Injini ikitetemeka kidogo mwanzoni, usishtuke, endesha ijizoeshe. Na jambo la kwanza ikishika, weka mita kwa betri. Kama inasoma juu ya 15, zima saa hiyo hiyo.

Ile 110 bado inabeba mayai. Boksi ya thao 14 iko kwa kabati la vyombo, mathe anaiwekea sufuria juu. Mzee huwa anasema ndiyo sahani ghali zaidi kwa hiyo nyumba.

Kwa hivyo fundi akikuambia ni kompyuta, usibishane, usilie, usitume pesa. Muulize kitu kimoja tu: "Umepima na ukapata nini?" Akikupa namba, msikilize. Akikupa stori, tafuta mwingine. Na kama una beshte anaendesha ndai ya miaka ya 90 na kila mwezi anabadilisha balbu, mtumie hii leo, kabla alteneta haijamfikia.